Dripu sita za ketamini kwa PTSD ya miaka 26, uzoefu wangu

Naanza na bei maana ndo kitu kila mtu ananiuliza kwanza. Dola 475 dripu moja, nimefanya sita, jumla dola 2,850, na bima haikutoa hata senti, kwa sababu hapa Marekani ketamini imeruhusiwa tangu 1970 lakini kama dawa ya usingizi ya upasuaji, PTSD, yaani kile kiwewe kinachobaki akilini baada ya tukio la kutisha, haimo, kwa hivyo daktari anaweza kukupa lakini unatoa mfukoni mwako. Mimi zamu yangu ya chama na kina mama wa hapa Lowell ndo iliniokoa.

Mimi nilikuwa Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, siku ya bomu la ubalozi wa Marekani. Nilikuwa karani, miaka 24, ofisi yetu iko ghorofa ya tatu karibu na barabara ya Haile Selassie na huo ubalozi tunauona hivi. Waliokuwa mjini siku hiyo wanajua, kwanza kulisikika mlio mdogo na risasi, watu wakakimbilia madirishani waone ni nini, alafu ndo bomu lenyewe likalipuka vioo vikiwa mbele ya nyuso za watu, na ndo maana wengi walipoteza macho. Mimi nilikuwa nimegeuka kumwita mwenzangu, njoo uone. Kwa hivyo vioo viliniingia mgongoni na shingoni. Yeye alikuwa anatazama dirisha. Macho yote mawili.

Nairobi peke yake walikufa watu 213 na mimi nikajiambia niko hai, nalalamikia nini. Lakini pazia la sebuleni sifungui, kitanda hakikai karibu na dirisha, na kila 4 Julai, sikukuu ya uhuru ya hapa Marekani, fataki zikianza naingia bafuni nafungulia shawa nisisikie. Nimekunywa sertralini, vidonge vya huzuni na wasiwasi, miaka mingi, terapi ya kuongea pia nimefanya na ilinisaidia kiasi, ila kila tukikaribia lile dirisha mdomo unakataa.

Kliniki ya kwanza niliyopiga simu walitaka nilipe dripu zote sita siku hiyo hiyo, hawajaniuliza hata kama nina presha. Nikaachana nao. Ya pili daktari alikaa na mimi saa nzima, akauliza presha, moyo, kibofu, kama kuna mtu kwetu amewahi kuchanganyikiwa akili, na akataka kuongea na terapisti wangu kabla ya chochote. Hapo ndo nikasema sawa.

Dozi ni nusu miligramu kwa kila kilo, mimi nina kilo 70 kwa hivyo miligramu 35, inaingia polepole kwa dakika 40. Huli masaa kadhaa kabla, na mtu lazima akurudishe nyumbani, huendeshi gari mpaka kesho yake. Dadangu ni nesi Kisumu, nilipomwambia akashtuka, "Si ndo ile tunapea watoto thieta tukiwarudisha mifupa?" Ndo hiyo hiyo dada, ila kidogo, hulali, unasikia kila kitu.

Dripu ya kwanza sikuipenda. Kama dakika ya nane hivi midomo ikafa ganzi, mikono naiona lakini sio yangu, presha ikapanda 158, na mwisho nikatapika. Nililia kwenye gari nikasema pesa ya chama imepotea. Ya pili walinipa dawa ya kichefuchefu kwanza, ikawa afadhali.

Ya tatu ndo nataka kuwaambia. Niliona lile dirisha, lakini niko upande wa pili wa barabara, mbali, nalitazama kutoka nje. Namuona msichana mwembamba amevaa sweta ya kijani anamwita mwenzake, na uso wake hauna ubaya wowote, anaita tu vile mtu huita rafiki. Nikamhurumia sana yule msichana. Miaka yote hiyo sikuwahi kumhurumia. Kesho yake kwa terapisti nikaongea dakika 50 bila kusimama, na mimi naamini kazi yenyewe ilifanyika pale, dripu ilifungua tu mlango.

Sasa nisiwadanganye. Nililala usingizi wa kweli kama wiki tano alafu ndoto zikaanza kurudi, sio kali kama zamani lakini zimerudi. Daktari alikuwa ameniambia mapema. Utafiti wa Mount Sinai New York wa 2021, watu 30, kati ya waliopewa ketamini mara sita theluthi mbili walipata nafuu, ila kwa wengi nafuu ilianza kuisha baada ya kama wiki nne. Na ule mwingine wa 2022 wa wanajeshi na wanajeshi wa zamani, watu 158, kwa PTSD ketamini haikuishinda plasebo, yaani dawa bandia ya kulinganishia, ila ilisaidia huzuni. Kwa hivyo mtu akikuuzia kama tiba ya uhakika mkimbie.

Na tafadhali sana hizi ketamini za kutumiwa kwa posta, vidonge unavyonyonya nyumbani peke yako, msiguse. Mimi presha yangu ilipanda na nesi akiwa hapo hapo pembeni, ningekuwa jikoni peke yangu je? Mwigizaji Matthew Perry alifariki 2023 na ketamini ndo ilitajwa sababu kubwa.

Baada ya dripu ya sita nikampigia mwenzangu, yuko Nakuru siku hizi. Tumekuwa tukiongea Krismasi na Pasaka tu, habari ya watoto basi. Nikamwambia, mimi ndo nilikuita dirishani. Akanyamaza, nikasikia redio yake tu. Alafu akasema, "Uliniita? Mimi nakumbuka nilikuja mbio mwenyewe, hata nilikusukuma nipate nafasi." Hatujui nani anakumbuka sawa. Tuliongea mpaka chaji ikaisha.

Dripu ya kuongezea nguvu ni Novemba, naweka dola 50 kila wiki. Pazia nimefungua upande mmoja.