Umbra mbichi ya Kupro: uzoefu wangu kwa wachoraji wa mandhari

Kwa anayechora mandhari kwa rangi za mafuta, unga wa umbra mbichi (udongo wa asili wa rangi ya kahawia usiochomwa) kutoka Kupro naupa alama nane kati ya kumi. Mbili nimezikata kwa sababu ya ukaidi wake.

Nautumia hasa kunakili mandhari za mchoraji wa Kupro Telemachos Kanthos (1910–1993), mzaliwa wa Alona, kijiji cha milima ya Troodos. Alisomea Athens, akajifunza pia kuchonga picha kwenye mbao kwa mchongaji wa Kigiriki Yiannis Kefallinos, kisha akarudi kufundisha na kuchora vijiji vya kwao. Baada ya Uturuki kuivamia Kupro mwaka 1974 alitoa chapa za mbao za "Miaka Migumu". Umbra nayo huchimbwa kandokando ya Troodos hiyohiyo, ambayo ni sakafu ya bahari ya takriban miaka milioni 90 iliyopita. Maji ya moto yaliyotoka chini ya bahari ndiyo yaliyoacha pale chuma na metali iitwayo manganizi.

Hiyo manganizi ndiyo siri ya rangi hii, kwa heri na kwa shari. Inaharakisha mafuta kukauka, hivyo tabaka jembamba la kwanza likichorwa leo, kesho au keshokutwa unaendelea juu yake. Ila ukiipaka nene juu ya nyeupe ambayo bado mbichi chini, ya juu inakauka kwanza na picha inapasuka. Iache chini, iwe nyembamba, imelainishwa kwa tapentaini. Sehemu za mwanga zifute kwa kitambaa.

Kusaga: gramu 10 za unga juu ya kioo kinene, nusu kijiko cha chai cha mafuta ya kitani, halafu tone kwa tone. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Unga huu unakunywa mafuta kwelikweli, mwanzoni unabaki mkavu na wa mabonge, mtu anaongeza mafuta. Akishausaga kidogo unalegea ghafla, unakuwa uji. Saga kwanza, ongeza baadaye. Vaa barakoa, na meza ifutwe kwa kitambaa chenye maji, isifagiwe. Vumbi la manganizi si la kuvuta.

Ikikauka, mara nyingi inaacha mabaka yasiyong'aa. Si ubovu: tabaka la chini limefyonza mafuta. Pakaza mafuta ya kitani kidogo sana, subiri dakika chache, futa yote yanayofutika.

Ukiichanganya na nyeupe unapata kijivu baridi chenye ukijani kwa mbali, kizuri mno kwa vilima vya mbali na mawe yaliyo kivulini. Na bluu ya ultramarini inatoa weusi wenye uhai; mimi sinunui tena nyeusi ya kopo.

Umbra bandia zipo. Kwenye bomba la rangi tafuta PBr7, alama ya udongo wa kahawia, peke yake. Ukikuta nyeusi na njano zimeorodheshwa, huo ni mchanganyiko. Kwa unga, chukua chembe kidogo, dondoshea haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa. Yenye manganizi inatoa povu papo hapo.

Udongo wa asili haufanani mfuko kwa mfuko. Muuzaji mmoja alinitumia mfuko wa pili uliokuwa mwekundu zaidi kuliko wa kwanza, lebo ileile. Kama una turubai kubwa, nunua wa kutosha kwa mkupuo mmoja.