Chati ya Ukutani ya Marais na Wagombea Wenza: Yafaa Sebuleni, Darasani Ina Upungufu

Chati hii niliinunua kwa shilingi 5,000 katika duka la vifaa vya skuli mjini Chake Chake, Pemba, kwa ajili ya darasa la uraia ninalolisomesha. Ina upana wa kutosha kuonekana kutoka nyuma ya darasa, imewekewa vijiti vya plastiki juu na chini, na kichwa chake kimeandikwa kwa herufi kubwa: "Rais na Mgombea Mwenza Wake Tangu 1995". Mchapishaji hakuandika jina lake popote, jambo ambalo si la kushangaza ukizingatia makosa niliyoyakuta.

Nianze na yaliyo mazuri. Karatasi ni nzito na inang'aa kwa laminesheni, rangi hazijachujuka licha ya ukuta wangu kupigwa na jua la mchana, na picha zimechaguliwa vizuri isipokuwa ya mwisho. Hiyo ni ya Dk. Emmanuel Nchimbi, mgombea mwenza wa Rais Samia mwaka 2025, ambayo haikuchapwa pamoja na nyengine bali imebandikwa kama stika juu ya nafasi iliyoachwa wazi, tena imekwenda upande kidogo, na pembe yake ya kushoto imeshaanza kubanduka. Inaonekana toleo la zamani lilikuwa limebaki stoo, na baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 mwenye mali akaona hasara kulitupa. Kwa bei hii silalamiki.

Upungufu mkubwa uko kwenye kichwa chenyewe. Anayesoma chati ataamini kwamba kila aliyewekwa chini ya picha ya Rais alisimama naye kwenye karatasi ya kura, na hilo si kweli kwa wote. Dk. Omar Ali Juma, mtoto wa hapa hapa Chake Chake aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar kabla ya hapo, aligombea pamoja na Rais Mkapa mwaka 1995 na tena mwaka 2000, lakini alifariki akiwa Makamu wa Rais madarakani Julai 2001. Chati imeandika muda wake kuwa umeishia 2000, na hivyo kumpokonya marehemu miezi yake ya mwisho kazini. Dk. Ali Mohamed Shein, naye Mpemba, aliingia kwa kuteuliwa mwaka huo wa 2001, akaja kuwa mgombea mwenza mwaka 2005 alipopangwa na Rais Kikwete. Dk. Philip Mpango hakuwahi kabisa kuwa mgombea mwenza: baada ya Rais Magufuli kufariki Machi 2021 na aliyekuwa Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, kuapishwa kuwa Rais, jina la Mpango lilipelekwa bungeni na kuthibitishwa tarehe 30 Machi. Kabla ya uchaguzi uliofuata yeye mwenyewe akaomba kupumzika. Kwa hiyo mtu amekaa katika Umakamu zaidi ya miaka minne bila ya jina lake kupigiwa kura na wananchi kwa nafasi hiyo hata mara moja, na chati inamwita mgombea mwenza. Mwanafunzi akiulizwa juu yake katika mtihani atajibu kwa kuitegemea chati, na atakosa.

Jambo la pili linalokosekana ni dogo kwa nafasi lakini kubwa kwa maana. Chini ya kila picha pameandikwa jina na miaka, basi. Hapakuandikwa mhusika anatoka sehemu gani ya Muungano, na hili ndilo sharti la kwanza analolitazama mgombea Urais anapomtafuta mwenzake, kwa sababu Ibara ya 47 ya Katiba ya Muungano inataka Rais akitoka sehemu moja, Makamu wake atoke sehemu ya pili, na wote wawili wapendekezwe na chama kimoja. Safu moja ya "Bara" na "Zanzibar" ingetosha kumwonesha mtoto kwa nini kwa zaidi ya miaka 25 picha ya chini ilikuwa ya Mzanzibari, na kwa nini mwaka 2021 mpangilio ukageuka. Ingefaa pia pawe na mstari mmoja wa kueleza kwa nini chati inaanza 1995 na si 1964. Zamani Rais wa Zanzibar alikuwa Makamu wa Rais wa Muungano kwa wadhifa wake. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 ikaonekana wazi kwamba Zanzibar inaweza kuchagua Rais wa chama kimoja na Muungano ukachagua wa chama chengine, na hao wawili wasingeweza kukaa katika serikali moja. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1994 yakaleta mgombea mwenza.

Mwaka 2010 ndio uliokuwa na mengi ya kusomesha, na chati imeupita kimya. Mtazamaji anaona tu kwamba Rais Kikwete ana makamu wawili, Shein kisha Dk. Mohamed Gharib Bilal, na anaweza kudhani walikosana. Ukweli ni kwamba Dk. Shein aliomba na kupata tiketi ya CCM ya kugombea Urais wa Zanzibar, katika vikao vya Dodoma vya Julai 2010, na miongoni mwa walioshindwa katika mchujo huo alikuwamo Bilal. Siku hizo hizo, Bilal akatajwa kuwa mgombea mwenza wa Kikwete. Waliowahi kukaa barazani wakati huo watakumbuka jinsi habari ile ilivyochambuliwa: nafasi mbili, watu wawili, mmoja kutoka Pemba na mmoja kutoka Unguja, na chama kikatoka Dodoma bila ya kumwacha yeyote kati yao mikono mitupu. Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, maana Bilal mwenyewe alikuwa Waziri Kiongozi mstaafu na mwanasayansi wa fizikia ya nyuklia, mtu asiyehitaji kubebwa. Lakini mwalimu anayetaka kueleza kwamba mgombea mwenza huchaguliwa kwa hesabu za chama kizima, na si kwa mapenzi ya mgombea Urais peke yake, hapati mfano mzuri kuliko huo.

Walioshindwa hawamo kabisa. Naelewa kwamba chati ni ya waliokamata nafasi, ila kichwa kinasema wagombea. Mwaka 2005 Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa Freeman Mbowe kwa tiketi ya CHADEMA, alifariki siku chache kabla ya kura, na uchaguzi wa Muungano ukasogezwa hadi 14 Desemba; sisi Wazanzibari tukapiga kura ya Zanzibar tarehe 30 Oktoba na ya Muungano baadaye. Mwaka 2015 Juma Duni Haji, aliyekuwa Makamu Mwenyekiti wa CUF, alilazimika kuhamia CHADEMA ili asimame na Edward Lowassa, kwa sababu vyama vya UKAWA, yaani umoja wa vyama vya upinzani wa wakati huo, viliungana katika siasa lakini Katiba haiutambui muungano huo. Mambo haya mawili yangeingia kwenye kisanduku kidogo pale chini, mahali palipojazwa maua.

Kwenye ukingo wa chini kabisa pana mstari wa picha za Makamu wa Kwanza na wa Pili wa Rais wa Zanzibar. Huu ningeuondoa. Mwanafunzi wangu mmoja aliutazama akauliza, "Mwalimu, kwani hawa nao ni wagombea wenza?" Swali lake lilikuwa la haki, kwa sababu kichwa ni kimoja tu. Mgombea Urais wa Zanzibar hana mgombea mwenza. Tangu marekebisho ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 2010, Makamu wa Kwanza hutoka katika chama kilichoshika nafasi ya pili, ndiyo maana Maalim Seif Sharif Hamad akakaa humo, na wa Pili huteuliwa na Rais kutoka chama chake miongoni mwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi. Yote hayo hufanyika baada ya kura.

Kwa mwenye nyumba anayetaka pambo lenye picha safi, chati hii inatosha na bei yake ni ya haki. Mwalimu anunue ile isiyopigwa laminesheni, ambayo duka linayo pia, kwa sababu karatasi tupu inakubali kalamu: ataongeza safu ya sehemu za Muungano, atasahihisha mwaka wa Dk. Omar, na mbele ya jina la Dk. Mpango ataandika "alithibitishwa na Bunge".