Wapiga makasia wa kike wa Ugiriki: uzito mwepesi au uzito huru?

Mi nawakubali sana Christina Giazitzidou na Alexandra Tsiavou, wale wa uzito mwepesi, mabingwa wa dunia 2011 halafu shaba London 2012. Watu husema hiyo kategoria ni rahisi, jamani hapana! Hakuna anayeruhusiwa kuzidi kilo 59 na wastani wa wawili usivuke 57, yaani siku ya mbio unapanda mzani kwanza, tumbo halina kitu, ndo uje uvute makasia mita 2000 nguvu zote.

Uzito huru hakuna mzani, ila unakutana na wadada warefu wenye mikono mirefu, kila mvuto wanakuacha kidogo. Aikaterini Nikolaidou na Sofia Asoumanaki, huyu akiwa na miaka 19 tu, walimaliza wa 4 Rio 2016, medali ikawapita hivihivi na iliniuma kweli.

Kwa medali, uzito mwepesi umewalipa zaidi, hata Paris 2024 Dimitra Kontou na Zoi Fitsiou wamebeba shaba. Shida Los Angeles 2028 umeondolewa, kwa hiyo binti anayeanza leo kule akiitaka Olimpiki ajipange na uzito huru, au yale makasia ya baharini yanayoingia mapya.