Chandarua chenye dawa na vidonge vya SP: nimevipima kwa daftari la siku za kazi

Mimba yangu ya pili nililala ndani ya chandarua chenye dawa nilichopewa kliniki, na nikameza vidonge vya SP vya kukinga malaria. Mimba ya kwanza sikufanya hata kimoja kati ya hivyo. Chandarua nilichokuwa nacho kilikuwa na matundu, nikakikunja na kukiweka juu ya kabati, na kliniki nilisema nitaenda tumbo likishaonekana vizuri. Kwa hiyo ninayo mimba mbili za kulinganisha. Mimi ni fundi cherehani, kila jioni naandika kwenye daftari nimeshona nini na nani bado anadaiwa. Hesabu nitakayoitoa hapa imetoka humo.

Nitahesabu kwa siku za kazi badala ya pesa. Siku moja ni ile ninayokaa kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka jioni.

Mimba ya kwanza niliugua mwezi wa tano. Ilianza kwa uchovu na viungo kuuma, nikajua ni mimba tu inanisumbua. Siku 3 nilimeza vidonge vya kutuliza maumivu na kulala. Siku ya 4 baridi ikanishika hadi meno yakagongana, ndipo nikapimwa. Malaria. Nikapewa dawa ya mseto, vidonge 24 vya siku 3, vinne kila dozi. Dozi ya kwanza niliitapika kabla nusu saa haijaisha. Dozi ikitapikwa mapema hivyo lazima irudiwe, na vidonge vya kurudia ni vya kutafuta tena, hivyo mume wangu akatoka usiku kuvihangaikia. Kulipokucha sikuweza kusimama. Nikalazwa siku 5, nikichomwa sindano za artesuneti, dawa ya malaria kali. Himoglobini yangu, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 7.4. Daktari alituambia mjamzito anatakiwa awe na angalau 11, na kwamba ikishuka chini ya 7 huo ni upungufu mkali wa damu.

Watu wakiniuliza malaria ilinigharimu nini, wanategemea nitaje dawa, vipimo na kitanda. Hivyo vyote kwa pamoja vilikula mapato yangu ya siku 9. Usafiri wa kwenda na kurudi, wangu na wa waliokuja kuniuguza, ulikula siku 6 nyingine. Yaliyobaki hayakuandikwa kwenye risiti yoyote. Siku 3 za kulala nyumbani kabla ya kupimwa, 1 ya kupima na kutapika, 5 za wodini, na 19 baada ya kutoka, kwa sababu damu ilikuwa ndogo na nikikanyaga cherehani dakika 10 moyo unapiga kama nimekimbia. Hizo ni 28 zangu mimi. Mume wangu alikosa kazi siku 7. Mama mkwe aliacha shughuli zake siku 21 akaja kutupikia na kuniogesha. Jumla ni siku 56 za watu wazima watatu ambazo hazikuingiza chochote, na zile 15 za matibabu na usafiri zilipaswa kutoka humo humo.

Hazikutoka. Tulikopa kwa shemeji, deni likachukua miezi minane kuisha. Niliuza cherehani ya pili, ile aliyokuwa akitumia msichana niliyekuwa namfundisha, naye akaenda kujifunza kwa fundi mwingine. Wateja wawili walikuwa wameshalipa nusu kwa nguo za sherehe, nikawarudishia pesa nikiwa kitandani. Mmoja hajarudi mpaka leo, na simlaumu, sherehe haiahirishwi kwa sababu fundi anaumwa. Mtoto akazaliwa na kilo 2.2. Wakunga huhesabu chini ya 2.5 kuwa uzito pungufu, kwa hiyo miezi miwili ya kwanza ilikuwa ni kwenda kumpima kila wiki. Safari hizo sikuziingiza kwenye zile 56.

Sasa vitu vyenyewe.

Nianze na chandarua. Kabla ya kukitumia mara ya kwanza kinapaswa kutandazwa kivulini siku nzima, saa 24. Fuateni hilo. Mimi nilifanya haraka nikakitundika baada ya saa chache, uso ukaniwasha usiku ule na asubuhi. Baada ya hapo hakikuniwasha tena. Changu ni cha pembe nne, kinachomeka vizuri chini ya godoro. Joto lipo, siwezi kukataa, hasa mwezi wa nane na wa tisa mwili wenyewe unapochemka. Kero kubwa kuliko joto ni kuamka kwenda haja ndogo. Mara nne kwa usiku unachomoa, unatoka, unarudi, unachomeka upya huku tumbo linakuzuia kuinama. Usiku mwingi nilitaka kuacha upande mmoja wazi. Niliendelea kuchomeka kwa sababu ya jambo nililolisoma: utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2000 uliona wajawazito wakivutia mbu wa malaria mara mbili ya wanawake wasio na mimba. Wajawazito hao walikuwa wakitoa pumzi kwa asilimia 21 zaidi, na ngozi ya tumbo ilikuwa na joto zaidi kwa nyuzi 0.7. Na waliona pia kwamba wajawazito hutoka nje ya chandarua usiku mara nyingi zaidi kuliko wengine. Niliposoma hayo nilijiona mimi mwenyewe, gizani, nikitafuta kandambili.

Kukifua ni sabuni ya kawaida, maji baridi, kisha kianikwe kivulini, maana jua kali linaua dawa. Usikifue kila wiki. Vyandarua vya aina hii vimetengenezwa kuhimili kufuliwa mara 20 hivi na kutumika miaka 3, kwa hiyo kila unapofua unapunguza uhai wake.

Vidonge vya SP ni vitatu kwa mkupuo, na unavimeza palepale mbele ya nesi. Napenda utaratibu huo. Hakuna kusahau nyumbani, hakuna kumgawia mtu. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza mapema katika kipindi cha pili cha mimba, dozi zipishane angalau mwezi mmoja, na mama apate dozi tatu au zaidi mpaka kujifungua. Mimi nilianza wiki ya 14 na nikapata dozi nne. Dozi ya kwanza ilinipa kichefuchefu kwa nusu siku. Zilizofuata hazikunifanya chochote.

Mambo mawili muulize kabla ya kumeza. La kwanza ni asidi ya foliki, vitamini wanayopewa wajawazito: ile ya miligramu 5 inapunguza nguvu ya SP, na mimi nilikuwa nayo nyumbani, nesi akanibadilishia ya miligramu 0.4. La pili, mama anayeishi na VVU na anayetumia kotrimoksazoli (septrini) hapewi SP, dawa hizo mbili hazichanganywi. Msione aibu kusema mnatumia nini.

Nesi aliyenihudumia ndiye aliyenielewesha kwa nini dawa hutolewa hata kwa mama asiyeumwa. Vijidudu vya malaria hujificha kwenye kondo la nyuma na kung'ang'ania huko, hivyo damu ya kidoleni inaweza kuonekana safi wakati mtoto ananyimwa chakula chake. Na mimba ya kwanza ndiyo huathirika zaidi, kwa kuwa mwili haujawahi kukutana na vijidudu vinavyojificha namna hiyo. Nilinyamaza pale kwenye benchi. Nilikuwa namfikiria mwanangu wa kwanza na zile kilo 2.2.

Lawama yangu ni moja, na ni kwa huduma. Mwezi mmoja nilifika kliniki nikaambiwa SP zimekwisha, nirudi wiki ijayo. Nilikuwa nimefunga kazi tangu asubuhi. Mama aliyekaa karibu yangu, ambaye nauli ile ilikuwa ya kuazima, sikumwona wiki iliyofuata. Tunapoambiwa huduma ni ya bure, kuna mtu analipa siku hiyo, na asiyeweza kuilipa mara mbili ndiye anayebaki bila dozi. Kama kituo kinajua dawa zimekwisha, kingetutumia ujumbe, namba zetu za simu wanazo kwenye kadi.

Hesabu ya mimba ya pili ni hii: safari tano za kliniki, nusu siku kila moja, ikiwemo ile niliyorudi bila SP. Mwezi wa saba kichwa kiliniuma, safari hii sikusubiri hata usiku mmoja. Nilikwenda kupimwa, kipimo cha haraka kikatoa jibu ndani ya dakika 20, hakukuwa na malaria, nikarudi kwenye cherehani mchana uleule. Jumla siku 3, tena nyingi kati ya safari hizo ningezifanya hata bila malaria, kwa ajili ya mtoto. Mama mkwe alikuja kutembea tu. Mtoto alizaliwa na kilo 3.1. Siwezi kuapa kwamba ni vidonge na chandarua peke yake, safari hii nilikula vizuri zaidi na sikuwa na deni la kuninyima usingizi. Lakini deni hilo lilikuwa halipo kwa sababu sikuugua.

Ningewashauri wenye mimba ya kwanza wasifanye kama mimi, wasisubiri tumbo. Na mume aende naye kliniki walau mara moja asikie mwenyewe, kwa sababu siku zake 7 zimo katika hesabu.

Chandarua changu sasa kina mwaka wa pili. Kilishika kwenye msumari wa kitanda kikachanika kiasi cha kidole. Nimekishona kwa uzi mwembamba, mshono wa karibu karibu, na mtoto wa pili analala ndani yake pamoja na kaka yake.