Enkei RPF1 kwenye Subaru STI: wepesi usiofilisi

Gari langu ni Impreza WRX STI ya 2006. Lilinifikia likiwa limevalishwa rimu za inchi 18 zisizo na jina, zilizoiga umbo la rimu moja maarufu ya Kijapani. Kwa macho zilipendeza. Mizani ndiyo iliyoniudhi: kilo 11.2, rimu tupu, bila tairi. Leo limekaa juu ya Enkei RPF1, saizi 17x9 (kipenyo inchi 17, upana inchi 9), ofseti +45 (milimita ambazo uso wa kufungia umesogea nje ya mstari wa katikati wa rimu), na mizani ileile ya kuning'iniza mizigo inasoma kilo 7.3. Nimezikimbiza barabarani na kwenye saketi, kwenye joto na kwenye mvua, kwa hiyo naweza kuzisema.

Nianze na hili, maana ndilo linalowapoteza wengi: rimu nyepesi kwa bei ya kawaida haipatikani kwa kutafuta jina kubwa lililoshushwa bei. Inapatikana kwa kushuka saizi, kisha kutafuta namna ya utengenezaji inayostahili hiyo bei. Anayeng'ang'ania inchi 18 au 19 kwa sababu ya sura atalipia wepesi kwa pesa nyingi, halafu atalipia tena kila anaponunua matairi.

Namna za kutengeneza rimu za aloi ni tatu zinazotuhusu. Kuna kusubu: alumini iliyoyeyushwa, mara nyingi yenye silikoni asilimia 7 hivi, humiminwa kwenye kalibu ikaganda. Ndiyo njia rahisi. Ila metali ya kusubu huweza kubaki na vijitundu ndani, kwa hiyo mtengenezaji huongeza unene ili kujihami, na unene ni uzito. Kuna kufua: bonge la alumini hukandamizwa na mashine ya maelfu ya tani hadi chembe zake zikashikamana, ndipo likachongwa. Hapo ndipo ilipo Rays Volk TE37, iliyotoka 1996, ambayo ile ya 15x6 ilikuwa na kilo 3.7 tu. Ni rimu nzuri sana. Bei ya seti yake inaweza kununua seti mbili za RPF1, na mimi nina gari la kulisha petroli.

Njia ya tatu iko katikati. Uso wa rimu husubiwa kama kawaida, kisha pipa lake, pale linapokaa tairi, hupashwa moto na kuzungushwa huku rola zikilikandamiza na kulivuta mpaka liwe jembamba na gumu zaidi. Wengi huiita flo-fomingi. Enkei wanaiita MAT. Faida yake ni kwamba metali inapunguzwa pembezoni, mahali ambapo uzito wake unaumiza zaidi. Tahadhari moja tu: wapo wauzaji wanaoiita "rotari foji" ili ikae kiti kimoja na rimu za kufuliwa. Rola ni rola. Haina aibu yoyote, lakini usilipe bei ya kufuliwa.

Sasa ile hesabu maarufu ya vijiweni, kwamba kilo moja ukiitoa kwenye rimu ni sawa na kilo kumi kwenye bodi. Haipo. Kitu kinachozunguka kinahitaji nguvu ya kusogea mbele na nguvu ya kuzunguka, basi. Uzito ulio kwenye ngozi ya nje kabisa ya tairi, pale linapogusa lami, huhesabika mara mbili. Rimu iko ndani ya hapo. Chukua tairi la 225/45R17 (upana milimita 225, ukuta asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 17): kutoka katikati hadi nje ni milimita 317, na hadi ukingo wa rimu ni milimita 216. Gawanya 216 kwa 317, jibu ulizidishe kwa lenyewe, unapata 0.46. Kwa hiyo kilo moja iliyo ukingoni mwa rimu inahesabika kama kilo 1.46 unapokanyaga mafuta, na ile iliyo karibu na habu, yaani kitovu cha gurudumu, haizidi sana kilo yake.

Mimi nimepunguza kilo 3.9 kila kona, yaani 15.6 kwa gari zima. Hata nikijipendelea na kudhani zote zimetoka ukingoni, ni kama kilo 23, sawa na kuacha nyumbani begi moja lililojaa la safari ya ndege. Kwa gari la kilo 1,500 hivi ni asilimia moja na nusu. Anayekwambia gari lake lilipata "farasi 20" baada ya kubadilisha rimu, mwulize kama alibadilisha na programu ya injini siku hiyohiyo.

Nilichokihisi kiko kwingine. Barabara yenye makwaruzo madogomadogo mfululizo, ile inayofanya usukani utetemeke na gari kuelea kidogo kwenye kona, sasa gurudumu linaifuata. Kabla ya hapo shoki zilikuwa zinahangaika kulirudisha chini gurudumu zito kila liliporuka. Uzito ulio chini ya springi ndio uliopungua, na shoki zilezile, bila kuguswa, zikaanza kuonekana za maana. Ukifunga breki kwenye lami mbovu gari linatulia mapema zaidi. Na usukani, ukianza kuukata kutoka katikati, unajibu bila ule uvivu wa mwanzo. Hapa ndipo pesa yangu ilipokwenda, na sina manung'uniko.

Sehemu ya sifa hizo si ya rimu, ni ya tairi. Rimu za zamani zilikuwa na 225/40R18, sasa nina 245/40R17. Ukuta wa tairi umepanda kutoka milimita 90 hadi 98, hivyo mashimo yanauma kidogo kuliko zamani. Tairi pana zaidi halikosi gramu zake za ziada pia, na huo uzito uko nje kabisa, mahali pabaya kuliko pote. Mtu akipunguza kilo mbili kwenye rimu kisha akanunua tairi zito la ukuta mgumu, amezirudisha nusu yake mlango wa nyuma. Uzito wa tairi huandikwa na watengenezaji wengi. Usome kabla ya kulipa. Kipenyo chote kimepungua: 245/40R17 ni milimita 628 hivi, wakati saizi ya kiwandani, 225/45R17, ni 634. Spidi mita inasema kasi kubwa kidogo kuliko ilivyo. Nimeizoea.

Kufunga kwenyewe. STI ya 2006 ina PCD (mpangilio wa matundu ya nati) ya 5x114.3, yaani matundu matano kwenye duara la milimita 114.3; ile ya 2004 ni 5x100, na wapo watu walionunua rimu kwa kuangalia jina "STI" tu. Rimu za kiwandani ni 17x8 zenye ofseti +53. Ukienda 17x9 yenye +45, upana umeongezeka inchi moja, yaani milimita 12.7 kila upande, na ofseti imesogeza rimu nje milimita 8. Kwa ndani unapoteza milimita 5, jambo ambalo shoki inalivumilia. Kwa nje gurudumu linatoka milimita 21, na hilo fenda hailivumilii bila mazungumzo. Kingo za ndani za fenda za nyuma nilizikunja, na magurudumu ya mbele yana kemba (mwinamo wa gurudumu) ya kutosha kuingiza bega la tairi ndani. Asiyetaka kazi hiyo achukue 17x8 yenye +45: nje inatoka milimita 8 tu, na wepesi anaupata uleule.

Kalipa za Brembo za gari hili, yaani vile vibano vya breki, ni nene, na hapa kipenyo hakikuokoi. Kinachotakiwa ni mgongo wa spoki kupinda mbali na kalipa. Rimu mbili za 17x9 zenye ofseti moja zinaweza kutofautiana kabisa kwa hilo. RPF1 zinapita kwangu, nafasi ni ya kidole cha mtu mwembamba. Kwa rimu nyingine yoyote, omba mchoro wa nafasi ya breki, au ukate kadibodi ufuate umbo la kalipa uijaribishe.

Tundu la katikati la RPF1 za PCD hii ni milimita 73, habu ya Subaru ni 56.1. Pengo hilo linazibwa na pete. Chukua za alumini. Za plastiki zinafaa kwa gari la kwenda kazini, lakini habu ikipata moto wa breki za saketi zinalainika na kuumbuka, na siku ya kubadilisha tairi utazibandua vipande vipande. Bila pete kabisa rimu inakaa popote nati zilipoivutia, na usukani utakuchezea ukifika kasi ya barabara kuu, hata balansi iwe imefanyika vizuri namna gani. Nati ziwe za koni ya nyuzi 60, uzi M12x1.25 kwa Subaru hii, na nyembamba za kutosha kuingia kwenye matundu. Boksi spana nene haipiti. Kaza kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari, endesha kilomita kama mia, kaza tena.

Kuhusu uimara, geuza rimu uone kilichopigwa mhuri mgongoni. JWL ni kiwango cha Japani: rimu inapindishwa ikizunguka, inazungushwa ikiwa imebebeshwa mzigo, na inadondoshewa uzito. VIA inaongeza uthibitisho wa chombo cha nje ya kiwanda. Ujerumani kuna mhuri wa wakaguzi wa TÜV na namba ya idhini ya KBA, mamlaka ya magari ya huko. Mhuri unaweza kughushiwa, na wanaoiga umbo la rimu hawaoni taabu kuiga na herufi tatu, kwa hiyo naangalia pia uwezo wa kubeba, uliopigwa kwa kilo. Hesabu yake ni nyepesi: chukua mzigo wa juu unaoruhusiwa kwa ekseli, gawanya kwa mbili. Ekseli ya kilo 1,000 inataka rimu isiyopungua kilo 500, na mimi napenda ibaki akiba nzuri juu ya hapo. Rimu isiyo na namba hiyo popote sitaipandisha kwenye gari linaloingia kona kwa kasi, hata nikipewa bure. Zile za mwanzo hazikuwa nayo. Nilipozivua, mojawapo ilikuwa na ufa mwembamba upande wa ndani wa pipa, urefu wa kidole gumba, uliofichwa na vumbi la breki. Hauonekani ukiwa umesimama nje ya gari.

Kwa sura, RPF1 ni ya kazi. Spoki zake pacha ni nyembamba, uso hauna madoido, na breki chafu haina pa kujificha. Mchoro wake umetokana na rimu ambazo Enkei iliwatengenezea McLaren wa Formula 1, lakini jirani yako hatalijua hilo, ataona rimu ya kijivu. Anayetaka kusifiwa kwenye maegesho atatosheka zaidi kwingine.

Zipo nyingine katika daraja hili ambazo ningezinunua bila kufikiria mara mbili. Konig Hypergram ni za flo-fomingi, zinakaribiana sana na hizi kwa uzito, na spoki zake nyingi zinalijaza gurudumu vizuri zaidi. Rafiki yangu anazo, na tulipozibadilishana mikononi hatukuweza kuzitofautisha kwa kunyanyua. Mwenye BMW atazame rimu za Apex, maana wao hupima kwa magari hayo, na tundu la kati linakuja kwa kipimo cha habu, hakuna hadithi za pete. Mwenye Mazda MX-5 ya zamani anaishi dunia nyingine kabisa, ya inchi 15, na 6UL za 949 Racing zilibuniwa kwa ajili yake.

Halafu kuna njia ambayo wengi huipita: rimu za kiwandani zilizofuliwa, za mtumba. Mitsubishi Lancer Evolution VIII MR ilitoka na BBS za kufuliwa, 17x8 zenye +38. Subaru nayo ilifungia STI BBS za dhahabu kwa baadhi ya masoko. Ukizipata, zipeleke kwenye mashine ya balansi zizungushwe tupu mbele yako, na utazame ukingo wa ndani, si wa nje, kama unayumba. Pitisha kidole ndani ya pipa kutafuta mshono wa kuchomelea. Iliyochomelewa iache hapohapo. Iliyopakwa rangi mpya upande wa ndani, ambako hakuna anayeangalia, mwulize muuzaji kwa nini alijisumbua.

Seti yangu ya pili, ya matairi ya mvua, nimeshaiamua: itabaki 17x9, PCD na tundu la kati vilevile, ili nati na pete zihame bila kununuliwa tena. Kati ya RPF1 nyingine na Hypergram nitachukua itakayopatikana kwanza kwa ofseti ninayoitaka.