Chakula cha Haraka Kilichochukua Dakika 25

Mgahawa nilioingia wiki iliyopita umeandika mlangoni, kwa herufi kubwa, kwamba unauza chakula cha haraka, nami niliamua kuupima kwa maneno hayo hayo. Haraka inayotajwa hapo si ya mlaji kumeza wala ya mpishi kukimbizana na sufuria, bali hutokana na kazi iliyokwisha kufanywa kabla mteja hajafika: viazi vimekaangwa nusu, mikate imekatwa, orodha ni fupi na malipo hutangulia. Ndivyo ndugu Richard na Maurice McDonald walivyoipanga upya biashara yao ya mgahawa, McDonald's, mjini San Bernardino, California, mwaka 1948, walipowaondoa wahudumu waliokuwa wakipeleka chakula kwenye magari, wakabakiza vitu 9 tu kwenye orodha, na wakaachana na sahani na vijiko.

Mgahawa huu una mbao nne za orodha ukutani. Nililipia baga na chipsi, kisha nikamwona kijana wa jikoni akivuta ndoo ya viazi na kuanza kumenya cha kwanza. Dakika 25 baadaye dada wa kaunta aliniuliza kwa upole, “Unakula hapa au nikufungie?”

Swali lake lilinikumbusha jinsi tunavyochanganya mambo. Chakula cha kufungiwa ni chochote unachoondoka nacho, hata kama kilitokota tangu asubuhi, ilhali cha haraka unaweza kukilia papo hapo mezani. Wengine hulitumia neno hili kwa maana ya chakula kibovu, na sishangai, kwa kuwa chumvi, sukari na mafuta mengi ndiyo yaliyokipa sifa hiyo. Hata hivyo neno lenyewe halisemi lolote kuhusu lishe, na bakuli la matunda yaliyokatwa mapema linastahili kuitwa hivyo pia.

Kuhusu ladha sina lawama. Chipsi zilikuwa kavu nje na laini ndani, za moto kiasi cha kuunguza vidole, tofauti kabisa na zile zinazolegea ndani ya kabati la kioo zikisubiri mnunuzi. Baga ilikuwa ya kawaida. Kwa chipsi hizo ningerudi, lakini si katika mapumziko ya mchana kazini, na mwenye mgahawa angewatendea haki wateja wake kwa kukibadilisha kibao cha mlangoni.