Duka la makoti nyuma ya Mchangani: nimelivaa koti lake Ujerumani baridi nzima

Duka hili halina kibao wala jina. Lipo kwenye kichochoro nyuma ya Mchangani, mjini Unguja, mlango wa mbao wa buluu, na ndani mna cherehani moja, benchi, na makoti mazito ya mitumba yaliyotundikwa hadi darini. Mwenyewe ni mzee aliyekuwa baharia, na wateja sote tunamwita Ami. Nilinunua koti kwake Agosti 2024, nikalivaa Leipzig tangu Oktoba hadi Aprili, na nimengoja nirudi ndipo niandike, kwa sababu koti la baridi huwezi kulisifu ukiwa bado Unguja.

Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma mwaka mmoja, wenzangu wa chuoni Tunguu walinisaidia sana kwa makaratasi. Nilijua mapema kwamba ubalozi wa Ujerumani upo Dar es Salaam, kwamba ada ya viza ya muda mrefu ni euro 75, na kwamba asiye na ufadhili huonyesha euro 11,904 za mwaka katika akaunti maalumu, azitoe 992 kila mwezi. Kuhusu nguo jibu lilikuwa moja tu: utanunua huko huko. Naupinga ushauri huo. Mwanafunzi anafika Oktoba, asubuhi ina baridi ya kuuma, fedha yake ya kwanza haijaingia, na koti jipya la maana nililoliona dukani kule liliandikwa euro 129, yaani zaidi ya laki tatu na nusu zetu.

Ami hakuuzii mpaka akuhoji. Nilipotoa salamu tu akaniuliza, "Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Ujerumani, Ami."

"Ya pwani au ya bara?"

Nikamwambia Leipzig. Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza kuwa bandari ya Hamburg aliyoijua yeye ni ya mvua na upepo wa maji, na kwamba huko kwangu bara nitarajie theluji na baridi kavu zaidi. Mimi tayari nilikuwa nimeshika koti jekundu, zito, linang'aa. Akalichukua mkononi mwangu akalirudisha kwenye msumari. "Hili la bodaboda. Zito bure, ndani sponji."

Alilonipa lilikuwa jepesi mpaka nikadhani ananitania. Akalikunja likawa donge la kuingia kwenye kiganja, akaliachia, nalo likafura taratibu kama mkate ndani ya tanuri. Ndani mna manyoya laini ya bata. Akaniuliza kwetu wapi, nikamjibu Wete, Pemba. "Basi mto wa usufi unaujua," akasema. Usufi hauna joto lake wenyewe. Joto ni la ile hewa iliyokamatwa katikati ya nyuzi, na mwili wako ndio unaoipasha. Manyoya ya bata ni hivyo hivyo. Na kama mto wa usufi ukirowa unavyoshikana madonge, koti hili nalo likilowa chapachapa halikufai kitu mpaka likauke. Kwa hiyo akachota maji kwa kikombe akayamwaga begani mwa koti, tukayatazama yakiteleza yote hadi sakafuni. Makoti mawili mengine yalinywa maji mbele ya macho yangu, naye akayaweka kando. Nimesoma vitabu vya fizikia tangu skuli, lakini sijapata kufundishwa vizuri vile.

Bei aliyotaja ni elfu sitini, tukakubaliana arobaini na tano pamoja na kushona. Alinichagulia saizi moja kubwa kuliko yangu, ili sweta na baibui viingie bila kubana, kwani nguo ikibana ile hewa inatoka. Lilikuwa refu hadi magotini, jambo ambalo kwangu lilikuwa sharti. Jaketi fupi juu ya baibui nisingelivaa hata kwa kulazimishwa. Mikono alinipunguzia, bitana ya mfuko iliyotoboka akaibadilisha kwa kitambaa cheusi, na zipu akaipaka mshumaa kwa sababu chumvi ya hewa yetu inaila chuma. Zipu hiyo haijanikwamia hata siku moja. Aliniambia pia nisivae fulana ya pamba ndani kabisa, kwani pamba inakunywa jasho na kukaa nalo, na sufu hata ikipata unyevu bado inapasha. Hili nililipuuza wiki ya kwanza ya baridi kali, nikatembea na mgongo wa barafu. Baada ya hapo nikatii.

Sasa upungufu. Koti lilikuwa na harufu ya robota, ile dawa ya mitumba, na kufua halikupenda: lilichukua siku tatu kukauka kivulini huku nikiligeuza na kulipigapiga kila saa. Ukinunua masika litapata ukungu kabla hujasafiri, kwa hiyo usingoje mvua. Bibi alinishonea kifuko cha karafuu za shambani kwetu akakitia mfukoni, harufu ikaisha. Disemba mwenzangu wa chumba, Mjerumani, alinusa koti akasema linanukia Krismasi, kwani wao karafuu huzitia kwenye mikate na vinywaji vya msimu ule. Mimi lilininukia uwanja wa kuanikia karafuu Wete. Siku hizo Maghrib inaingia karibu na saa kumi, unatoka darasani ni giza, na nikitia mkono mfukoni nilikuwa nyumbani kwa muda kidogo.

Viatu vyake sivisifu. Nilichukua buti kwa elfu ishirini na tano, nzima kabisa kwa kutazama, na wiki ya pili Leipzig soli zilianza kumeng'enyuka kama biskuti, nikafika chuoni soksi zimerowa. Fundi mmoja kule alinieleza kwamba soli za povu zikikaa miaka mingi, khasa mahali penye unyevu, huoza ndani kwa ndani hata kama kiatu hakijavaliwa. Ami hakunificha kwa makusudi, lakini anauza kitu ambacho hakipimi kama anavyopima makoti. Viatu nunua vipya huko, hilo moja wenzangu walikuwa sahihi. Glovu zake pia ziache.

Jambo jingine ni saa zake. Anafungua baada ya Alasiri hadi karibu na Maghrib, Ijumaa hafungui, na simu hapokei. Mimi nilikwenda mara tatu ndipo nikamkuta, na anayetoka Pemba kwa boti siku mbili kabla ya ndege atapata tabu. Nenda mapema, uende na baibui utakayolivalia koti, na usiliingize begini: kilo unazoruhusiwa kwenye ndege ni za vitabu na unga wa muhogo. Livae uwanjani. Utatoka jasho hapa, na ukishuka upande wa pili utamshukuru.

Nimerudi Agosti 2025 na nikampelekea salamu pamoja na koti. Alilitandika juu ya cherehani, akatia vidole kila mshono, akauliza theluji ilifika wapi. Nikamwonyesha kifundo cha mguu. Ukingo wa mkono wa kushoto ulikuwa umechanika kwenye mlango wa tramu. Akaushona pale pale kwa uzi mweusi, kijani hakuwa nao, kisha akanipa elfu thelathini bila mimi kuomba.

Lipo pale, msumari wa pili kutoka mlangoni. Kifuko cha karafuu nimekiacha mfukoni.